Mitambo Tunayo, Lakini Fundi Yuko Wapi?



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya kazi ambayo vikundi vingi vimeianza bila kujifunza: kazi ya kuendesha mitambo ya sauti. Kikundi kinachanga pesa, kinanunua spika mbili, ampulifaya na maiki, kisha kinaikodisha kwa arusi, mazishi, harambee na mabaraza. Ni kazi nzuri na ina pesa. Lakini mara nyingi tunakuta kila kitu kimenunuliwa isipokuwa kimoja, nacho ni ujuzi wa yule atakayeshika vifungo.

Someni somo hili pamoja. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkichoka, wekeni alama hapo mwendelee mkutano ujao. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

TAREHE SITA AU TAREHE TISA?

Tuanze na jambo tulilolishuhudia wenyewe. Kikundi kimoja tunachokitembelea kilikodiwa kupeleka mitambo kwenye mkutano wa wazazi, katika uwanja wa shule. Watu walikuwa wengi. Habari kubwa ya siku hiyo ilikuwa fomu za basari, na siku ya mwisho ya kuzirudisha ilikuwa tarehe sita.

Spika zilikuwa zimewekwa chini kwenye nyasi, kando ya meza ya wageni. Kijana aliyekuwa akiendesha mashine alikuwa ameongeza besi mpaka mwisho, maana muziki wa asubuhi ulikuwa umewafurahisha watu. Msemaji akasimama. Sauti ilikuwa kubwa kweli kweli, hata ng'ombe wa jirani waliacha kula wakatazama. Lakini kule nyuma, chini ya miti, maneno yalikuwa yakivuma tu kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mama mmoja akamwuliza mwenzake, "Amesema tarehe gani?" Mwenzake akamjibu, "Tisa."

Tarehe tisa mama yule alifika ofisini na fomu yake ndani ya bahasha, imejazwa vizuri, imepigwa muhuri wa chifu. Kumbe zile za wengine zilikuwa zimeshapelekwa siku tatu zilizopita. Na hakuwa peke yake. Wazazi wengine waliokaa chini ya miti ile ile walifika siku hiyo hiyo, wakarudi nyumbani na bahasha zao.

Kikundi kilipokutana kulikuwa na maneno makali. Wengine walisema mashine ni ndogo, inunuliwe kubwa zaidi. Wengine walisema kijana afukuzwe. Sisi tulishauri waitwe watu wanaoijua kazi kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha pili aliyefanya kazi na mitambo ya redio miaka mingi kabla ya kustaafu. Akaombwa, akaja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mzee hakugusa mashine. Aliuliza kwanza.

"Kijana, mkutano ukiendelea wewe hukaa wapi?"

"Hapa hapa kwa mashine, mzee."

"Na umewahi kwenda kule nyuma kusikiliza?"

"Hapana, mzee. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliambiwa nichunge vitu visiibiwe."

Wanachama wakanyamaza, maana ni kweli ndivyo walivyomwambia. Mzee akaomba spika zipandishwe juu ya meza na zisogezwe mbele ya maiki. Akapunguza besi. Kisha akamweka msichana mmoja asome namba kwenye maiki, na kijana akatumwa chini ya miti aonyeshe kwa vidole anachosikia. "Sita. Tisa. Tisa. Sita. Saba." Kijana hakukosea hata moja. Mashine ilikuwa ile ile, na sauti ilikuwa ndogo kuliko ya siku ya mkutano. Mchagua jembe si mkulima.

Hilo ndilo somo letu. Kabla ya kikundi kununua spika kubwa zaidi, kimfundishe mtu. Spika haiwezi kujua kama mama aliye nyuma amesikia. Fundi anaweza kujua, kama amefundishwa.

KELELE SI KUSIKIKA

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Sauti kubwa na sauti inayosikika ni vitu viwili.

Kuna habari ya zamani inayotusaidia hapa. Mwaka 1739, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, mhubiri aliyeitwa George Whitefield alisimama akahutubia umati barabarani. Siku hizo hakukuwa na spika wala stima. Katika umati alikuwamo Benjamin Franklin, mpiga chapa aliyependa kuchunguza mambo. Alitaka kujua sauti ya mhubiri inafika wapi. Basi akarudi nyuma polepole kuelekea mtoni, akisikiliza, mpaka alipofika mahali ambapo kelele za barabara nyingine zilizima maneno. Akapima umbali ule kwa akili, akapiga hesabu ya watu wangapi wanaweza kusimama hapo kati, akaona kwamba sauti ile ingeweza kusikika na watu zaidi ya elfu 30.

Hatutaki kubishana juu ya hesabu yake. Tunataka mwige alivyofanya: aliondoka mbele akatembea mpaka mahali ambapo maneno yanapotea. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi wa sauti, na haihitaji pesa yoyote.

Sasa mbona watu wa nyuma walisikia kelele lakini hawakusikia maneno? Katika kuongea, nguvu nyingi ya sauti iko katika a, e, i, o, u. Herufi kama t, s, k, p na f ni nyembamba na dhaifu, lakini hizo ndizo zinazotofautisha neno na neno. Hebu tazameni "sita" na "tisa". Yote mawili yana i na a, kwa mpangilio ule ule. Tofauti ni s na t zimebadilishana mahali. Besi ikizidi, inafunika s na t, na kinachofika kule nyuma ni "i-a" tu. Mwenye kusikiliza anabaki kubahatisha.

Kwa hiyo kwa muziki weka besi kiasi. Mtu akisimama kuongea, punguza besi. Jambo hilo dogo lingeokoa fomu za wazazi wale.

IJUENI NJIA YA SAUTI

Watu wengi husema "kipaza sauti" wakimaanisha maiki, na wengine wakimaanisha spika. Katika kazi hii tutumie majina yanayotofautisha, ili fundi akiomba kitu apewe kile anachotaka.

Maiki hupokea sauti ya mtu na kuigeuza iwe stima ndogo sana. Mikisa ni ile meza yenye vifungo vingi. Inapokea maiki kadhaa na kuzichanganya. Ampulifaya inaipa ile stima ndogo nguvu. Spika inaigeuza tena iwe sauti. Siku hizi kuna spika zenye ampulifaya ndani yake, na kuna mashine ambazo mikisa na ampulifaya ziko katika sanduku moja, lakini njia ni ile ile.

Fikirini bomba la maji: kutoka chemchemi mpaka tangi, kutoka tangi mpaka mfereji wa nyumbani. Maji yasipotoka, hatubomoi mfereji kwanza. Tunafuata bomba tangu mwanzo. Hivyo hivyo sauti ikipotea, fundi anafuata njia. Maiki imewashwa? Betri yake ni nzima, kama ni ile isiyo na waya? Waya umeshika? Kifungo kimepandishwa? Taa ya ampulifaya inawaka? Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja hatajua ni kipi kilikuwa kibovu, na kesho atarudia pale pale.

MAMBO MANNE AMBAYO FUNDI LAZIMA AYAJUE

1. Mluzi wa spika. Sote tumesikia ule mlio unaofanya watu wazibe masikio. Unatokea hivi: maiki inasikia spika, inarudisha sauti ile kwenye mashine, spika inaitoa tena ikiwa kubwa zaidi, na maiki inaisikia tena. Inazunguka hivyo mpaka inapiga kelele. Dawa yake si kumpigia msemaji makofi aache. Weka spika mbele ya maiki, zikiangalia watu. Maiki iwe karibu na mdomo, kiasi cha upana wa ngumi. Maiki ambayo hakuna anayeitumia ishushwe. Mwambie msemaji kwa heshima asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja, maana hilo pia huleta mluzi.

2. Taa nyekundu. Kwenye mikisa na ampulifaya nyingi kuna taa ndogo nyekundu. Ikiwaka mfululizo, mashine inasema, "Nimelemewa." Sauti inaanza kukwaruza. Wengi hudhani kwamba ampulifaya ndogo haiwezi kuchoma spika kubwa. Si kweli. Ampulifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, inaikata ile sauti juu na chini, na ukwaruzaji ule unachoma upesi ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Taa nyekundu ikiwaka, punguza. Na wakati wa kuwasha, ampulifaya iwashwe mwisho. Wakati wa kuzima, ampulifaya izimwe kwanza. Hivyo spika haipigwi na ule mshindo wa "pu!"

3. Hesabu ya omu. Nyuma ya spika nyingi pameandikwa namba ya omu, kama 8 au 4. Hiyo inaonyesha jinsi spika inavyoizuia stima. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, yaani kila moja inachukua kutoka matundu yale yale ya ampulifaya, zinakuwa kama spika moja ya omu 4. Zikiwa nne, zinakuwa omu 2. Sasa ampulifaya yenu imeandikwa isishuke chini ya ngapi? Kama ni 4, na kijana ameongeza spika mbili za kuazima ili mkutano uwe mkubwa, ampulifaya itapata moto na pengine iungue. Andikeni namba hizi kwa rangi nyuma ya kila kifaa.

4. Wati na umbali. Muuzaji atawaambia, "Nunua ya wati nyingi, itasikika mara mbili." Si hivyo. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu zaidi, na sikio huona ni tofauti ndogo. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, zinatakiwa wati kama mara kumi. Upande wa pili, uwanjani, kila umbali unapokuwa maradufu sauti hupungua desibeli kama 6. Aliye mita 40 kutoka kwenye spika anapata desibeli 6 pungufu kuliko aliye mita 20.

Maana yake ni nini kwa mfuko wa kikundi? Kuipandisha spika juu ya vichwa vya watu kunasaidia zaidi kuliko kununua wati. Spika iliyo chini inasikiwa na miguu ya watu wa mbele. Ipandisheni mita mbili au zaidi, juu ya kitu imara kisichoanguka, iangalie watu wa nyuma.

Neno moja juu ya nyumba za mabati na kuta za mawe: sauti hugonga ukuta ikarudi, ikachanganyika na neno linalofuata. Hapo kuongeza sauti kunaharibu zaidi. Punguza, elekeza spika kwa watu na si kwa ukuta, na umwombe msemaji aongee polepole. Watu wakijaa, miili yao na nguo zao humeza mwangwi. Kwa hiyo kujaribu mitambo nyumba ikiwa tupu hakutoshi. Fundi asikilize tena watu wakishaingia.

STIMA HAINA UNDUGU

Hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kupoteza maisha.

Stima ya Kenya ni volti 240. Plagi yetu ina meno matatu. Waya wa kahawia unaleta stima, wa bluu unairudisha, na ule wa kijani na manjano unakwenda ardhini. Huu wa ardhini haufanyi mashine iwake, ndiyo maana watu huudharau. Kazi yake ni moja: stima ikivuja ikagusa bati la mashine, iende ardhini badala ya kupitia mwilini mwa mtu.

Tumeona jambo baya likifanywa na mafundi wasiofundishwa. Spika zikivuma "mmmm" wakati wote, wanaukata waya wa ardhini ili mvumo uishe. Na kweli wakati mwingine unaisha. Lakini sasa bati la mashine limebaki bila kinga, na waya wa maiki unalifikisha mpaka mdomoni mwa msemaji. Mpiga gitaa wa kwaya ameshika nyuzi za chuma, anasogea kwenye maiki, na midomo yake ikigusa anapigwa. Waya wa ardhini usikatwe kamwe. Mvumo utafutiwe dawa nyingine: vifaa vyote vichukue stima kutoka soketi za mahali pamoja, waya za maiki zisilale sambamba na waya za stima, na waya uliochubuka ubadilishwe.

Yafaa fundi ashike na haya:

- Nyaya zisipitie mahali pa kupita watu. Kama hakuna njia nyingine, zifunikwe au zifungwe vizuri.
- Waya wa ekstensheni uliozungushwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote kabla ya kutumika. Ukiachwa umekunjwa unapata moto.
- Fyuzi ikikatika, isibadilishwe na kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi ilikatika kwa sababu.
- Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, moshi uelekee kusiko na watu. Moshi wake unaua bila kunuka sana. Izimwe kabla ya kuongezwa petroli.
- Mvua ikianza, stima izimwe kwanza, ndipo vitu vifunikwe. Mkutano unaweza kuahirishwa.

Na fundi wa sauti si fundi wa stima ya nyumba. Kutia waya ukutani au kuunganisha kwenye mita ni kazi ya mtu mwenye leseni ya EPRA. Fundi mwema ni yule anayejua mahali kazi yake inapokomea.

MASIKIO YETU NA MAJIRANI

Masikio yakiharibiwa na kelele hayaponi. Wataalamu wa afya ya kazini wanasema desibeli 85 ni kiasi ambacho mfanyakazi anaweza kuvumilia kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba katika mahali pa burudani wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Simu nyingi za siku hizi zinaweza kuwekewa programu ya kupima kelele. Haipimi sawasawa kama kifaa cha kitaalamu, lakini inamwonya kijana. Na dalili isiyohitaji simu ni hii: ukitoka kazini masikio yakawa yanalia "nziii", umezidisha. Watoto wasikae mbele ya spika.

Majirani nao wana haki. Katiba ya mwaka 2010 iliipa serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti kelele, na kanuni zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka usiku uanze saa mbili, na viwango vya usiku viwe vya chini sana kuliko vya mchana. Kabla ya kukubali kazi ya usiku, kikundi kiulize ofisi ya kaunti kuhusu kibali, na kimwulize anayekodi kama anacho. Tusingoje mpaka spika zichukuliwe kituoni.

MAFUNZO YENYEWE YAENDE VIPI?

Ujuzi huu haupatikani kwa siku moja, lakini pia hauhitaji kila mtu aende Nairobi. Tunapendekeza hatua nne.

Hatua ya kwanza ni mkono wa nyumbani. Kikundi kichague watu wawili, si mmoja. Akiugua mmoja au akipata kazi mjini, kazi isife. Tungependa mmoja wao awe msichana, maana kazi hii haihitaji misuli bali masikio, macho na subira. Kwa mwezi mmoja wajifunze kufunga na kufungua mitambo yote bila kuharakishwa. Wajifunze kukunja waya kwa kufuata mzunguko wake wenyewe, si kuuzungusha kwa nguvu kwenye kiwiko, maana hivyo nyuzi za ndani hukatika.

Hatua ya pili ni kukaa chini ya mwenye ujuzi. Tafuteni fundi wa redio sokoni, au mstaafu kama yule mzee, au anayeendesha mitambo katika kanisa kubwa. Afuatane nao kwenye kazi tatu au nne. Mwalimu huyu apewe chochote. Tusimtumie bure kwa kuwa ni jirani. Vijana wajifunze kutumia mita ya kupimia stima na kulehemu waya wa maiki uliokatika. Mafundi wengi wa sauti watawaambia kwamba waya ndio unaowasumbua kuliko mashine yenyewe.

Hatua ya tatu ni chuo. Mwaka 1966 baraza la makanisa ya Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana wakimaliza shule waelekee wapi, na kutokana na swali hilo zikazaliwa zile shule za ufundi vijijini tulizoziita polytechnic. Siku hizi vituo vya namna hiyo viko chini ya serikali za kaunti. Vingi vinafundisha ufundi wa stima, na baadhi redio na vifaa vya kielektroniki. Anayejifunza hayo amepata msingi wa kazi hii. Kwa anayetaka kwenda mbele zaidi, Nairobi kuna Kenya Institute of Mass Communication, chuo kilichoanzishwa mwaka 1961 kwa ajili ya kufundisha mafundi wa redio ya taifa. Kabla ya kulipa karo mahali popote, ulizeni: chuo kimesajiliwa? Mwanafunzi atashika mitambo kwa mikono yake, au ataandika tu daftarini? Atapata cheti cha nani?

Hatua ya nne ni kutambuliwa. Kuna mafundi wengi waliojifunzia kazini na hawana karatasi. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, huwatahini mafundi kwa daraja, kuanzia la tatu kwenda la kwanza. Mtihani wa stima au wa vifaa vya kielektroniki unamsaidia kijana kuaminiwa. Nenda ofisi yao au kituo cha ufundi kilicho karibu ukaulize kinachohitajika. Kuuliza si ujinga.

Na fundi aliyehitimu asiseme amefika. Mitambo inabadilika. Mikisa nyingi sasa zinaendeshwa kwa simu, na maiki zisizo na waya zimejaa kila mahali. Mwaka usipite bila kujifunza jambo jipya.

HESABU YA KIKUNDI

Hapa wengine watasema, "Pesa za kufundisha zitoke wapi?" Wacha tupige hesabu ya mfano. Tuseme kikundi kinakodisha mitambo kwa shilingi 4,000 kwa siku, mara tatu kwa mwezi. Hiyo ni 12,000. Kikiweka kando shilingi 500 katika kila kazi kwa ajili ya mafunzo na 500 nyingine kwa matengenezo, kwa mwaka kinakuwa na 18,000 za mafunzo na 18,000 za matengenezo. Spika moja ikiungua kwa kutojua, pesa zinakwenda, na kazi zinapotea wakati mnangoja ipone. Rahisi ghali.

Wekeni daftari la mitambo. Kila kazi iandikwe: tarehe, mahali, nani aliendesha, nini kilisumbua, kiliponaje. Daftari hilo litamfundisha kijana anayekuja baadaye kuliko maneno mengi. Tena andikeni mapatano: aliyefundishwa kwa pesa za kikundi atamfundisha mwingine kabla ya kuondoka. Naye alipwe kwa kila kazi, kiasi kinachojulikana. Tukimlipa fundi kwa soda na ahsante, tusishangae akituacha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mkutano wetu wa mwisho, waliokaa nyuma walisikia nini? Tuwaulize wenyewe, si wa mbele.
2. Tukimwambia kijana "chunga mitambo", huwa tunamaanisha nini? Je, tumewahi kumwambia achunge usikivu wa watu?
3. Plagi zetu zote zina waya wa ardhini? Nani atazikagua kabla ya kazi ijayo, na nani atamkagua yeye?
4. Ni nani hapa kwetu anayejua kazi hii na hatujawahi kumwomba atufundishe?
5. Tukiwa na shilingi 20,000, tununue spika nyingine au tumpeleke mtu kujifunza? Kila upande utoe sababu zake.

ZOEZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Fungeni mitambo uwanjani. Mtu mmoja asome kwenye maiki maneno haya bila mpangilio: sita, tisa, saba, kura, sura, pesa. Wengine wasimame mita 20, mita 40 na mita 60, waandike wanachosikia. Linganisheni karatasi. Mahali makosa yanapoanzia, hapo ndipo sauti yenu inapokomea. Sogezeni spika, punguzeni besi, jaribuni tena.

Kikundi kile tulichokitaja mwanzoni hakikununua mashine kubwa. Kijana hakufukuzwa. Siku hizi, kabla ya tangazo lolote la tarehe, huacha mashine kwa mwenzake akatembea mpaka chini ya miti, na asiposikia huinua mkono. Msemaji akiuona mkono ule, hurudia. Mama yule wa bahasha huketi pale pale nyuma, na mwaka uliofuata fomu yake ilifika kabla ya siku ya mwisho.